Kurasa Ulizoandika Mara Mbili

Mama,

Sijui kama huko uliko kuna Jumamosi. Hapa ipo, ile ya mchana mrefu uliyokuwa ukiipenda, jua limejificha nyuma ya wingu jepesi na sebule yote imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Nimekaa kwenye kiti chako. Nilisinzia kidogo hapa hapa, nikaamka nikidhani nasikia vidole vyako kwenye kibodi, vikienda bila kupumzika kama mvua inayoanza juu ya mabati. Nikangoja umalize mstari nikuulize kama utakunywa chai. Halafu nikakumbuka.

Ni miezi saba sasa. Acha nikupe habari za nyumbani kwanza, maana hizo ungeniuliza kabla sijavua viatu. Ua wa miiba ya kaiyaba umekatwa vizuri. Jirani wa upande wa juu ameng'oa migomba yake, anajenga ghorofa, kwa hivyo jua la asubuhi linafika jikoni limechelewa. Tata Nyokabi, mdogo wako, huja kila Alhamisi kuhakikisha nimekula. Kaka yangu Kimani alipata uhamisho wa kazi hadi Nakuru. Hupiga simu Jumapili, na kabla ya kukata hunyamaza kidogo, kana kwamba anangoja nikupe wewe simu. Makorongo bado yanasimama juu ya paa la kichinjio asubuhi, yametulia kwenye ukungu, hata lori likipiga honi hayageuki. Nguo zako tuliwapa akina mama wa kanisa. Sweta ya kijani nimebaki nayo.

Lakini sikukaa hapa kukuandikia habari za migomba. Kuna jambo nilikuficha, Mama, na Jumanne iliyopita niligundua kwamba wewe pia ulinificha. Nitaliandika pole pole tangu mwanzo, hata yale unayoyajua. Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba barua iandikwe ili hata mtu asiyejua lolote akiiokota aelewe.

Ulikuwa ndiyo kwanza umestaafu. Miaka thelathini ulikuwa taipisti katika ofisi moja ya serikali kule mjini, ukiandika maneno ya wakubwa, ukiacha nafasi ya sahihi za watu wengine chini yake. Ofisi ilipoleta kompyuta mpya, ile uliyokuwa ukiitumia iliwekwa koridoni itupwe, ukaomba upewe. Uliiweka hapa, kando ya kabati la vyombo, ukaifunika kitambaa cheupe ulichofuma mwenyewe, kama redio na viti na kila kitu katika nyumba hii kilichostahili heshima. Wiki nzima hukuigusa. Kisha asubuhi moja ulikunja kitambaa, ukafungua ile programu yako ya kuandikia, skrini ya buluu na herufi nyeupe, ukaniambia bila kugeuka, "Leo naandika yangu."

Yako. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na sikuwahi kufikiri kwamba una yako.

Uliandika kila asubuhi baada ya kuosha vyombo. Hukumruhusu mtu asome. Ila tukikaa kula jioni ulikuwa ukituambia umefika wapi, kama mtu aliyetoka safari. Leo nimefika siku niliyoazima viatu kwenda kutafuta kazi. Leo nimefika kwa baba yenu na lile koti aliloazima kwa rafiki yake. Na jioni moja, ukiwa unapakua githeri, ulianza kucheka. "Leo nimefika kwako," ulisema. "Siku yako ya kwanza shuleni. Nimecheka hapa peke yangu mpaka kuku wakashtuka." Nilikuomba unisomee. Ulikataa, ukasema ningoje ziive.

Mimi wakati huo nilikuwa napokea simu katika ofisi ile ya Hurlingham, na pembeni nikitengeneza kadi za harusi na vile vijitabu vya mazishi vyenye picha na ratiba ya ibada. Programu ya picha niliyoipata haikukubali Windows 98 yako. Ilitaka XP, mfumo uliokuja baadaye. Nawe programu yako ya buluu, ambayo vidole vyako viliijua kuliko macho, ilisumbua kila tulipoijaribu kwenye mashine mpya za watu. Nikaenda kumuuliza Bwana Harjit, yule fundi wa kompyuta mwenye kilemba cha samawati, ghorofa ya juu ya ofisi yetu. Alisema hakuna haja ya mmoja wetu kuhama. Diski moja inaweza kubeba mifumo miwili, kila mmoja na sehemu yake, na ukiwasha mashine itakuuliza unataka upi.

Nilikuja nyumbani nimejiandaa kukueleza jioni nzima. Ulielewa kabla sijamaliza. Ulikuwa umekaa siku tatu na ndugu zako na mpimaji wakigawa shamba la Guka, baba yako, na kusimika bikoni za mipaka. "Kumbe ni kupiga bikoni tu," ulisema.

Bwana Harjit alinipa CD na karatasi ya hatua kwa mwandiko wake. Ya kwanza alikuwa ameipigia mistari miwili chini yake: nakili kazi ya mama kwenye disketi. Tulipatana wewe na mimi tuifanye Jumapili baada ya kanisa, tukiwa wawili. Lakini Jumamosi ulienda mkutano wa akina mama, na mimi nilikuwa na mteja anayetaka kijitabu cha mazishi ya babake Jumatatu asubuhi. Nyumba ilikuwa kimya. Pazia lilikuwa likipumua dirishani. Nikaweka ile CD.

Sasa nikuambie. Diski ilikuwa tayari imegawanywa mara mbili tangu ilipokuwa ofisini. Nilidhani maandishi yako yako sehemu ya kwanza, pamoja na mfumo wa zamani, kwa sababu hapo ndipo programu yako ilipofungukia. Sehemu ya pili niliiona kubwa, nikaichukua kuwa ni tupu. Sikuangalia. Mashine iliniuliza kama nina hakika sehemu hiyo ifutwe. Nikasema ndiyo. Ikaniuliza tena. Disketi zilikuwa kwenye droo, hapa karibu na goti langu, na kuzitoa kungenichukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Mstari wa manjano ukaanza kujaa kwenye skrini, taratibu, na mimi nikaenda jikoni kuteleka maji nikiimba. Mama, nilikuwa naimba.

Mfumo mpya ulipofunguka ulikuwa mzuri, kilima cha kijani na mbingu. Nikazima, nikawasha upande wako nione kama uko salama. Skrini ya buluu ikaja kama kawaida. Nikaagiza orodha ya kazi zako. Hakukuwa na orodha; kazi zako zilikuwa zimekaa sehemu ile niliyoifuta. Zilikuwa kurasa sitini na mbili.

Alasiri hiyo hiyo stima ilipotea kwa muda mfupi, taa na mashine zikazimika, kama inavyopotea. Nilikuwa bado nimekaa mbele ya kioo cheusi niliposikia lango, na ulipoingia na kitambaa chako cha kanisa kichwani maneno yalinitoka yenyewe. Nikakuambia stima ilipotea katikati ya kazi, ikala maandishi yako.

Ulisimama pale mlangoni. Ulivua kitambaa, ukakikunja mara nne.

"Yote?"

"Yote, Mama."

Ulikwenda jikoni. Nilikusikia ukimwaga yale maji niliyokuwa nimeyachemsha na kuteleka mengine. Ukaniletea chai, ukakaa, ukaniuliza kama mteja wangu atapata kijitabu chake kwa wakati. Basi.

Kwa wiki tatu kompyuta ilikaa chini ya kitambaa. Jumatano moja nilirudi nyumbani kutoka kazini nikakuta CPU, lile sanduku la mashine, haipo, na baadaye ukaingia nayo mgongoni, ndani ya kiondo, kamba kwenye paji la uso kama umebeba kuni. Ulisema ulienda kwa Bwana Harjit siku hiyo niliyokuwa nimetumwa mjini, akaipuliza vumbi. Nilicheka. Nilicheka sana kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kuweza kucheka tangu Jumamosi ile. Asubuhi yake ulikunja kitambaa ukaanza tena ukurasa wa kwanza.

Miaka iliyofuata naiona kama mchana mmoja. Skrini nyeusi na mistari yake miwili, wako na wangu, na kidole chako kwenye kile kitufe cha mshale. Jumamosi nikitoka kusukwa Kenyatta Market nilikuwa nakuja na nyama choma imefungwa kwenye karatasi, na kachumbari, tukila mbali na kibodi kwa amri yako. Halafu kijana wa kwaya akakuletea CD ya Linux iliyotumwa kwake bure kwa posta, akasema huo ni mfumo mwingine kabisa. Ulikuwa na miaka hamsini na minane. "Tuuweke," ulisema. "Nafasi si ipo?"

Siku hiyo ulizitoa disketi wewe mwenyewe. Ulinakili kurasa zako zote, ukazitia kwenye mfuko wa Biblia, ndipo ukaniruhusu kuketi. Ulisoma kila mstari wa skrini kwa sauti kama matangazo ya kanisa, mengine ukiyageuza Kikuyu ili tucheke, na ulipomwona yule ngwini, alama ya mfumo huo, ukataka kujua ni ndege gani huyu mwenye koti. Lakini kila palipokuja swali la kufuta au kugawa, uliacha mzaha. Uliniuliza, "Una hakika, Shiku?" na ukangoja mpaka nikutazame usoni. Nilidhani unaogopa stima.

Safari hii uliandika pole pole zaidi. Mezani hukutuambia tena umefika wapi. Mara moja tu ulisema kwamba ile ya kwanza uliiandika kama barua ya mkubwa, na hii unaongea tu.

Januari ya mwaka huu pumzi zikaanza kukupungukia. Kutoka jikoni hadi hapa ulikuwa unapumzika njiani, mkono kwenye kabati. Hospitalini ulikaa wiki mbili kwenye kitanda cha dirishani, na alasiri moja ulifungua macho ukaniuliza kama nimeifunika mashine. Nikasema nimeifunika. Ukatabasamu, ukalala. Uliondoka asubuhi iliyofuata, kabla sijafika na uji.

Kijitabu chako nilikitengeneza hapa hapa, upande wangu. Nilikuwa nimewaandikia watu wengi sana neno lile, "alituacha", na tarehe mbele yake. Lako sikuweza. Tata Nyokabi aliketi kwenye kibodi akaliandika kwa kidole kimoja, akitafuta herufi moja moja, na mimi nikimsomea nimegeukia ukutani.

Sasa hii ya Jumanne. Mashine ilikuwa imeanza kutoa mlio, kama mtu anayesaga meno usingizini, nikajua diski inakufa. Nilichukua teksi hadi Hurlingham nimeipakata. Bwana Harjit amekuwa na ndevu nyeupe zote. Hakuwa na habari kwamba umefariki. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Nikamwomba ahamishe kila kitu kwenye diski nyingine, na upande wako awe mwangalifu nao zaidi, kwa sababu mara moja stima iliwahi kula kazi yako.

Alinitazama. Kisha akasema, "Shiku, mama yako alileta hii CPU hapa na kiondo. Aliniuliza swali moja tu. Stima inaweza futa kitu ya mtu moja na iache ya mwingine? Mimi nikafungua nikaangalia. Nikamwambia, hapana mama, hii imefutwa na mkono."

Nilimuuliza ulijibu nini.

"Alikaa kwa hiyo stuli. Akauliza kama inaweza rudi. Nikasema ile mpya imekalia hapo, haiwezi. Akasema sawa, basi toa vumbi. Amefika kwa mlango, akarudi. Akaniambia, 'Usimwambie mtoto nimeuliza. Ataogopa hii mashine, na anaipenda.'"

Nilitoka bila kuaga vizuri. Niliteremka barabara ya Argwings Kodhek sijui naenda wapi, jua likiwa usoni, magari yakipita kama yako upande wa pili wa maji. Miguu ilinipeleka Kenyatta Market. Moshi wa nyama ulikuwa umetanda chini chini, na akina dada wa saluni wakivuta watu mikono kama kawaida, kuja tukusuke, kuja tukuoshe. Mmoja alinishika nami nikamfuata. Nilikaa kwenye kiti, nikalaza kichwa nyuma, akafungua maji ya uvuguvugu. Hapo ndipo nilipolia. Nadhani aliona, kwa sababu alipunguza maji, akaniwekea taulo kwenye macho, na hakuniuliza chochote. Akaosha nywele zangu muda mrefu kuliko zilivyohitaji.

Chini ya taulo lile nilikuona ukiwa kwenye ngazi za Bwana Harjit na kiondo mgongoni. Nilikuona umekaa mezani jioni baada ya jioni, ukinipitishia chumvi, huku unajua yote. Miaka ile yote nilidhani katika nyumba hii nimebeba kitu peke yangu. Na nikuambie ukweli, nilikukasirikia pia. Ungesema siku moja tu. Tungelia wote wawili, ingekwisha, na mimi ningekuomba msamaha ukiwa na masikio ya kunisikia.

Alhamisi nilirudi dukani. Bwana Harjit alisogeza kiti akaniambia nifanye mwenyewe, yeye atatazama. Kwanza tulinakili kurasa zako kwenye CD mbili, moja yangu, moja ya Kimani. Kisha nikagawa diski mpya mara tatu. Ule mfumo wa zamani lazima utangulie, halafu XP, halafu Linux, kwa sababu ule wa zamani ukija mwisho haujui kwamba kuna wengine humo, unafunga mlango. Tulikaa alasiri nzima. Mkewe alileta chai ya iliki. Jua lilikuwa likisogea sakafuni, likapanda mezani, likafika mikononi mwangu. Kila mashine iliponiuliza kama nina hakika, nilinyanyua mikono kutoka kwenye kibodi, nikasoma upya. Saa kumi na moja mistari mitatu ikatokea kwenye skrini nyeusi. Nikachagua wa juu. Buluu yako ikaja.

Nimezisoma, Mama. Sijui kama zimeiva. Kurasa ishirini na tatu. Ni kama kukusikia ukiongea chumba cha pili, mlango umerudishwa. Umeandika jinsi viatu vile vya kuazima vilivyokuwa vikubwa ukavijaza magazeti, na vikalia karatasi mbele ya mkubwa siku ya mahojiano. Na umeandika juu ya mtoto aliyemtangulia Kimani, msichana, aliyeishi siku tisa. Ulimpa jina. Hukututajia hata mara moja. Sijui kama alikuwemo kwenye zile sitini na mbili, au ni mpaka ulipoanza upya ndipo ukaweza kumsema.

Ukurasa wa mwisho mmehamia vile vyumba viwili vya Kawangware, Kimani bado anatambaa. Mstari wa mwisho unasema, "Mwezi huo nilinunua kitanda, na dirisha la barabarani nikalishonea pazia." Nukta.

Mimi sipo. Mwaka uliofuata ndio niliozaliwa. Siku yangu ya kwanza shuleni, ile iliyokuchekesha mpaka kuku wakashtuka, ilikuwa kwenye zile kurasa, na kidole kilichozifuta ni hiki. Nimejaribu kuikumbuka. Ninachopata ni harufu ya rangi ya viatu na mkono wako ukiniachia. Cha kuchekesha kilikuwa nini sijui, na hakuna wa kumuuliza. Nitaishi nalo hilo. Sikuombi uniondolee.

Ila kuna moja naweza kulirekebisha. Siku ya mazishi Kimani aliwaambia watu wote kanisani kwamba Mama alikuwa akiandika kitabu, na stima ikakila. Watu wakaguna kwa huruma. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshikia kipaza sauti. Tata naye huwasimulia wageni hivyo hivyo hadi leo, na kila mara hulaani stima.

Kesho Kimani anakuja, na Tata anapika hapa. Nakuahidi nitawaambia tukiwa bado mezani, kabla ya vyombo kuondolewa, nisipate mahali pa kukimbilia. Nitawaambia nilifuta, na kwamba nilidanganya, na kwamba ulijua. Wakikasirika nitakaa pale pale. Kisha nitawasomea zote ishirini na tatu, na dada yetu wa siku tisa nitamtaja kwa jina lake, Kimani amsikie. Katika maandishi yako sitaongeza hata koma. Ninayoyakumbuka mimi tangu pale ulipoishia nitayaandika kwenye faili yangu, kwa jina langu, na nitakapokuwa sijui nitaandika kwamba sijui.

Nisamehe, Mama. Nimelisema sasa hivi kwa mdomo pia, hapa sebuleni, na paka wa jirani amegeuka kunitazama.

Lala salama. Wingu limeshuka hadi kwenye ua, na naona matone ya kwanza yakipiga vumbi la njia. Nguo bado ziko kwenye kamba. Acha nikaanue.

Mwanao,
Shiku